Hamira Yenye Jeni ya Mdogo Wako

Kapsoit, Jumapili jioni

Chebet mwanangu,

Nakusalimu kutoka upande wa pili wa ukuta. Nakusikia hapo chumbani ukibishana na mama yako juu ya lile blanketi. Yeye anasema liingie kwenye sanduku, wewe unasema hata Ujerumani kuna blanketi. Mimi nimejitoa kwa hiyo vita. Nimekimbilia hapa meza ya bekari, nimepangusa unga kwa mkono wa shati, na nimeamua sitakuandikia neno hata moja kuhusu sweta, chakula, pasipoti wala wanaume. Hayo mama yako ameyamaliza. Mimi nataka tuongee juu ya hamira.

Usicheke. Najua nimechelewa. Mtu ambaye amekuwa akioka mkate tangu kabla hujazaliwa alipaswa kuwa ameielewa hamira kitambo. Lakini nilikuwa naijua vile dereva anajua petroli. Unatia, gari linaenda. Likikataa kwenda, unalaumu aliyekuuzia. Kumbe nilikuwa naamka kila siku alfajiri kukoroga viumbe hai kwa maji ya uvuguvugu, halafu nawachoma wote kwa oveni, na sijawahi hata mara moja kuwauliza wao ni nani. Wewe unaenda ng'ambo kuwauliza. Nakuambia ukweli, tangu nielewe unachofanya nimekuwa kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Juzi nilimweleza mteja aliyekuja kuchukua mkate wa kupeleka kwa kambi ya majani chai mpaka akachelewa, na mama yako akaniambia nimwachilie mtu wa watu.

Siku ile ulituita chuoni tuone maabara yenu, mimi nilivaa suti. Nilitegemea mambo makubwa. Pale mlangoni nilimnong'oneza mama yako ajiandae, pengine kuna maiti. Tukaingia, hakuna maiti. Kulikuwa na friji, masinki, mashine moja inayotikisa chupa polepole kama mama anayetikisa kibuyu cha maziwa, na visahani vya plastiki vimepangwa safu kwa safu. Nikajiambia, huyu mtoto tumemsomesha miaka yote hii ili aje kupanga visahani? Samahani, lakini hivyo ndivyo nilivyowaza.

Ukatuletea viwili. Ukasema, "Baba, hii yote ni hamira, ndugu moja na ile unatumia. Lakini upande huu nimeiharibu mahali pa kupumua."

Hilo neno kupumua lilinigonga. Hamira inapumua? Mimi naifunika na nailoni. Ndipo ukatueleza taratibu, bila kutudharau, kwamba ndani ya kila seli kuna vijisehemu vidogo ambavyo vinachukua chakula na hewa vinatengeneza nguvu. Ng'ombe anavyo, sisi tunavyo, hamira inavyo. Lakini hamira imebarikiwa na njia ya pili. Hata ikikosa hewa, inaweza kuishi kwa sukari peke yake, na hapo ndipo inatoa ile gesi inayoumua mkate wangu. Kwa hivyo ukiiharibu mahali pa kupumua, haifi. Mtu ukimharibu kabisa hapo, hazaliwi. Panya pia hazaliwi. Hamira inabaki ndogo, inaendelea kuishi, na wewe unapata nafasi ya kuiuliza, "Sasa nini imeharibika? Na nikikurudishia hiki, utakuwaje?"

Nikaangalia kisahani cha kwanza, kile chenye sukari. Upande wa nzima, madoa makubwa meupe, yamenenepa. Upande wa ile uliyoharibu, vijidoa vidogo kama chumvi, lakini vipo. Kisahani cha pili ulikuwa umeweka chakula ambacho hakiliki bila kupumua. Upande wa nzima umejaa. Upande wa pili hakuna kitu, patupu kabisa. Sikuhitaji kuambiwa na mtu. Mimi mwenye darasa la nane nilisoma jibu kwa macho yangu.

Halafu ukasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeomba chumvi: "Na ukitoa ile jeni ya hamira ya kupumua, ukaweka ya mtu mahali pake, mara nyingine inafanya kazi. Hamira inaanza kupumua tena."

Mimi nikatafuta kiti. "Ya mtu gani?" nikauliza.

"Mtu yeyote. Hata yako."

Mama yako akasema, "Ya huyu itaongea usiku kucha." Wenzako wote wakacheka, hata yule mwalimu wenu mwenye miwani.

Nikakuuliza lile swali la kijinga, kwamba mtamalizana lini na hamira ndiyo muanze kupima watu. Ukanijibu, "Baba, sisi na hamira tulitoka nyumba moja, zamani sana. Tulipoachana tuligawana vyombo." Mimi ni mzee wa kanisa, hilo nikalitia mfukoni. Tulipokuwa tunarudi nyumbani nikamwambia mama yako, kama Mungu alipata chombo kizuri mara moja, kuna haja gani ya kutengeneza kingine? Akasema nisiende kuhubiri hivyo bila kuongea na pasta kwanza.

Na ile nyingine, ile ya jina la pombe! Hiyo nimeisimulia Kapsoit yote. Kwamba kuna hamira ya pili ambayo ni mwalimu mkubwa wa namna seli inavyojigawa, haichipui pembeni kama hii yetu, inajikata katikati sawasawa, na kwa sababu waliitoa kwa pombe ya huku kwetu Afrika Mashariki, jina lake la kitaalamu dunia nzima ni pombe. Hawakutafsiri. Wazungu na Wachina wamevaa makoti meupe, wanasema pombe, pombe, kuanzia asubuhi hadi jioni, na hakuna mchungaji wa kuwakemea. Unajua nyanya yako, mama yangu, alipika pombe ya busaa mpaka siku aliyookoka, na hiyo siku alivunja mtungi mbele ya watu. Alikufa akiamini kwamba hakuna kitu chochote cha maana kilichowahi kutoka kwa ule mtungi. Natamani ningemwambia. Najua angenitazama vibaya, halafu jioni angeniuliza tena nimweleze vizuri.

Haya, wacha nikuambie la kwangu, maana nilikaa hapa ili nikupe kitu, na vitu nilivyo navyo ni makosa tu. Mafanikio yangu uliyala yote kwa chai.

Mwaka ule mdogo wako Cherono alizaliwa, mkate ulikataa kuumuka. Ilikuwa Julai, ile baridi yetu ya ukungu mpaka saa nne. Mkate unatoka kama matofali, wateja wanarudisha. Mimi nikapandwa na hasira, na hasira yangu unaijua. Siku moja, asubuhi hiyo hiyo, nikabadilisha unga, nikabadilisha hamira, nikahamisha trei karibu na jiko, na nikamfukuza Wekesa. Ulikuwa mdogo, pengine humkumbuki. Alikuwa mwokaji wangu, mtu wa kutoka upande wa Kitale, mpole, anaimba akikanda. Nilisema mkono wake ni mzito. Kesho yake mkate ukaumuka vizuri ajabu. Nikatembea hapa kituoni kifua mbele, nikisema mnaona, shida ilikuwa ni huyo mtu.

Ni mpaka uliponionyesha vile visahani ndiyo nilielewa ujinga wangu. Ulikuwa unatueleza kwamba zile pande mbili zinafanana kwa kila kitu isipokuwa jeni moja, na kwamba ukigusa vitu viwili kwa mara moja umepoteza siku yako. Nikasimama pale na suti yangu nikawaza, mimi niligusa vinne. Mpaka leo sijui ni nini kiliponya mkate wangu. Nafikiri ilikuwa baridi tu, na kusogeza trei kulitosha. Wekesa nilikutana naye Londiani miaka mingi baadaye, akifanya kazi kwa mtu wa viazi. Alinisalimia kwa furaha, akauliza watoto. Nikanunua viazi ambavyo sikuvihitaji, nikarudi nyumbani.

Kwa hivyo ukifika huko, jibu likichelewa na mkubwa wako ana haraka, na wewe mwenyewe umechoka, usiguse vinne. Gusa kimoja. Haraka ilinifanya nimpoteze mtu mzuri na bado sikujua chochote.

Lingine ni la ule ukungu wa rangi ya machungwa. Huo unaukumbuka, ulikuwa darasa la saba, ulinisaidia kutupa. Mvua ya Aprili, unaacha mikate jioni ni mizima, asubuhi imejaa unga wa rangi ya machungwa, ukipuliza unaruka mpaka dari. Nilisugua kuta kwa klorini mpaka macho yakavimba. Nikaamini yule jirani aliyefungua bekari ya pili ametuma mtu aniharibie. Nilienda kwake nikapiga kelele mbele ya mke wake. Sasa juzi tu unaniambia kwamba ukungu wa namna ile ile umekaa kwa maabara tangu zamani, kwamba unakula vitu vichache na kukua upesi, na watu waliuharibu jeni moja moja wakaona kila mara kuna kitu kimoja ukungu umeshindwa kujitengenezea. Hivyo ndivyo walianza kujua jeni hufanya kazi gani. Nikabaki mdomo wazi. Mwalimu alikuja mpaka kwangu, akapanda kwa meza, akajionyesha kwa rangi kali, na mimi nikaenda kugombana na jirani. Wewe ulipouangalia ulisema, "Baba, lakini ni mrembo." Nilikukaripia. Ulikuwa sahihi, ulikuwa mrembo.

Hapo ndipo nataka ujue kitu. Ulivipenda hivi viumbe kabla ya mambo ya Cherono. Ulikuwa kidato cha kwanza uliponiomba hamira kijiko kimoja na sukari, ukavalisha chupa baluni, ukakaa kwa ngazi ukingoja baluni lisimame, na liliposimama ulikuja ukikimbia kuniita kana kwamba ng'ombe amezaa. Furaha hiyo ilikuwa yako kabisa, haikutoka kwa ugonjwa wa mtu yeyote. Nakukumbusha kwa sababu mimi Jumapili iliyopita nilijaribu kukunyang'anya.

Tuseme wazi. Cherono alianza kuchoka akiwa darasa la tano. Huku kwetu mtoto asiyekimbia kila mtu anamuuliza ana nini. Alianguka akitoka shule, akaanguka tena, miguu ikakonda, tukazunguka hospitali mpaka daktari mmoja mwenye subira akapeleka damu mbali. Majibu yalisema kuna jeni moja ya kutengeneza nguvu ambayo yake ina herufi moja tofauti, na mwisho wakaandika kwamba maana ya herufi hiyo haijulikani. Nilimuuliza daktari, mtu anawezaje kupata kitu halafu aseme hakijui? Akasema wengi waliosomwa jeni zao ni watu wa kwingine, si wa huku, kwa hivyo herufi ya Cherono hawajaiona vya kutosha kusema kama ndiyo mkosaji au inapita njia tu. Wewe ulikuwa umekaa hapo kwa kiti cha kona. Baada ya miezi kadhaa ukaja na habari kwamba kuna maabara huko Ujerumani inaweka jeni za watu ndani ya hamira kuona kama itapumua, na mkuu wake amekubali herufi ya Cherono iwe mojawapo ya zile mtakazopima, na kwamba wewe ndiwe utakayeipima.

Nilipiga kelele siku hiyo. Nilifunga bekari saa sita mchana, kitu ambacho sijafanya hata kwa uchaguzi.

Na kwa hiyo furaha nikaenda nikakosea. Jumapili iliyopita tulipoitwa mbele, sisi wote wanne, ili uombewe safari, nilikusudia kusema asante niketi. Lakini unanijua na maikrofoni. Nikaona watu wamejaa, nikaona mama yako amependeza, nikasema, "Huyu msichana anaenda kuleta dawa ya mdogo wake." Kanisa lote likasimama. Akina mama wakapiga vigelegele. Nilijisikia mfalme. Wewe ulikuwa unaangalia viatu vyako. Na Cherono akachukua fimbo yake akaanza kutoka nje, na unajua Cherono kutoka nje ni safari, kwa hivyo watu wote walipata wakati wa kumtazama mpaka mlangoni.

Wiki nzima amekaa hapo kaunta akiuza mkate na kila mteja anamuuliza, "Dawa inakuja lini?" Kuna mama alimpapasa kichwa, msichana wa miaka kumi na saba. Mimi niliona, nikajifanya nahesabu trei.

Siku ya Jumanne alifunga mlango wa kaunta akanikabili. "Baba, ulitangaza mwili wangu kama mnada wa ng'ombe. Hata hukuniuliza."

Nikamwambia nilikuwa natangaza imani.

"Hiyo si imani. Ni wewe unaogopa. Na Chebet umemfunga. Akikosa hiyo dawa atarudi hapa aje kwa uso gani?"

Nilitaka kumkaripia, Chebet. Mdomo ulifunguka. Lakini alikuwa amesema kweli na sikuwa na pa kujificha. Naogopa. Kila asubuhi nikisikia hiyo fimbo yake kwa sakafu nasikiliza kama ni polepole kuliko jana. Naogopa nitamzika mtoto wangu, na kwa sababu naogopa nilikutwisha wewe kazi ya Mungu mbele ya watu. Sijawahi kumwambia mtu hayo, hata mama yako, ingawa nadhani anajua.

Nikakaa kwa gunia la unga nikamwomba Cherono anieleze, si kwa lugha ya kanisa, utaenda kufanya nini hasa. Akanieleza vizuri kuliko ulivyonieleza wewe, samahani. Akasema mtatoa jeni ya hamira, muweke ya mtu mwenye afya mwone kama inakubali, maana inaweza hata kukataa kabisa na mkaanza upya. Ikikubali, mtaweka ile yenye herufi yake. Hamira ikipumua sawasawa, basi herufi hiyo huenda haina hatia, na madaktari watafute kwingine. Ikibaki ndogo, inaelekea ndiyo yenyewe. Hakuna dawa hapo. Dawa ni barabara nyingine ndefu, na pengine watu wengine.

"Sasa ukijua, utapata nini?" nikamuuliza.

Akasema, "Mama anaiita uchovu. Shangazi anaiita laana. Wewe unaiita jaribu. Mimi nataka jina lake mwenyewe."

Nimeoka mkate siku zote hizo nikifikiria hilo neno.

Sasa sikiza yaliyotokea leo, maana wewe na mama yako mlikuwa mmeenda Londiani kuaga nyanya yako mzaa mama na hamkuona. Asubuhi nilimuuliza Cherono kama naweza kusimama tena kanisani. Akafikiri, akasema, "Sema yako. Yangu niachie." Tukaenda. Matangazo yalipoisha nikainua mkono, pasta akanipa maikrofoni kwa wasiwasi kidogo. Mimi ambaye nimesimamia harambee ngapi hapo, niliishika kwa mikono miwili. Nikasema, "Jumapili iliyopita niliwaambia kitu ambacho si kweli. Chebet haendi kuleta dawa. Anaenda kuuliza swali. Jibu linaweza kuwa ndiyo, linaweza kuwa hapana, linaweza kukosekana. Akirudi mikono mitupu, mpokeeni kama mtoto wenu. Na tafadhali, mkija kununua mkate, nunueni mkate tu."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Halafu Kogo Tabutany, yule bibi anayekaa safu ya mbele na asiyeweza kunyamaza, akauliza kwa nguvu kwa sababu hasikii vizuri, "Sasa tuombe nini?"

Nilimnyooshea pasta maikrofoni ajibu yeye. Na kutoka nyuma Cherono akajibu, bila kusimama, "Ombeni asichoke."

Wakaomba hivyo. Kanisa lote, Chebet, waliomba usichoke. Na sikuombi ulipe ombi hilo kwa kuleta kitu. Nakuambia ili ujue kwamba huendi na ahadi yangu mgongoni. Niliitoa mbele ya watu na nimeirudisha mbele ya watu, na kwetu hivyo ndivyo neno linavyofutwa. Nenda ukaifurahie hamira. Nenda ukalipulize baluni. Ukiamka asubuhi huko na ukajikuta unatembea haraka kwenda kuona kama visahani vimeota, usijilaumu kwamba una furaha na mdogo wako anaumwa. Yeye ndiye anayetaka uwe hivyo. Alisema jana, mbele yangu, kwamba kitu kimoja kibaya kuliko kuugua ni kuwa sababu ya mtu mwingine kukunja uso.

Utakosea. Kuna siku utamwaga kitu, utachanganya visahani, kuvu itaingia mahali hukuialika, kazi ya mwezi iende. Utalia kwa choo, kisha utanawa uso. Mimi nimechoma mikate ya harusi nikaenda kwa bwana harusi kumwambia. Sema mapema, kabla hawajauliza. Kila mara nilipochelewa kusema, kosa lilikuwa limezaa.

Na kama jibu ni lile hulipendi, usilisukume lisimame upande mwingine. Nakujua unampenda Cherono, na mtu akipenda macho yake yanaweza kuona doa kubwa mahali pana doa dogo. Mwombe mwenzako ahesabu bila kuambiwa kisahani ni cha nani. Hilo pia nimelipata kwa Cherono, si kwangu. Amesoma kwa simu yake vitu vingi kuliko tunavyojua, anakaa hapo kaunta akisoma mambo ya hamira huku amezungukwa na hamira.

Nasikia mama yako ameshinda. Sanduku linafungwa, na kutokana na hivyo unavyolikalia nadhani blanketi limo ndani. Wacha nimalize.

Kuna jambo moja bado, na kwangu ni gumu kuliko kusimama kanisani. Siku jibu litakapopatikana, usinipigie mimi. Najua mazoea yetu, habari kubwa inapita kwa baba kwanza, halafu baba anaamua nani aambiwe nini na lini. Hii isipite kwangu. Wala kwa mama yako. Mpigie Cherono, mwambie yeye peke yake, kwa maneno yote, hata kama ni mabaya, maana mwili ni wake na jina alilolitaka ni lake. Mimi nitamwona ametoka nje na simu. Nitajua. Nitatamani kumfuata mpaka miguu iwashe, lakini nitabaki hapa na unga mikononi nikimngoja aje mwenyewe. Asipokuja siku hiyo, nitalala bila kujua, na kesho yake nitaamka nioke.

Saisere, Chebet. Uende na baraka.

Baba yako